Mzabuni, Mgavi au Msambazaji? Maana ya neno "supplier" na matumizi yake katika biashara za Unguja

Katika shughuli za kila siku za biashara kisiwani Unguja, neno la Kiingereza "supplier" limeingia katika mazungumzo ya wafanyabiashara kwa sura ya Kiswahili, "saplaya". Meneja wa hoteli ya Nungwi humwita hivyo mvuvi anayempelekea pweza na changu kila asubuhi. Msimamizi wa ghala la hospitali humwita hivyo mwenye kampuni inayoleta vifaa vya tiba. Mwenye duka la Darajani humwita hivyo tajiri wa Dar es Salaam anayemtumia mchele na unga wa ngano kwa chombo. Wote hao wanatumia neno moja, lakini mahusiano wanayoyataja hayafanani, na haki na wajibu unaotokana na mahusiano hayo haufanani pia.

Katika maandishi rasmi hali huwa ngumu zaidi. Neno hilohilo hutafsiriwa mara "mzabuni", mara "msambazaji", mara "muuzaji", mara "mtoa huduma" na mara nyengine "mgavi", kana kwamba maneno hayo yote yana maana moja. Tofauti zake si jambo la wataalamu wa lugha peke yao. Mfanyabiashara mdogo anayedhani kuwa kuitwa "mzabuni" ni sawa na kupewa kazi anaweza kukopa fedha, akanunua mzigo, akaupeleka, na baadaye akabaini kuwa hakuna hati hata moja inayomtambua kuwa ni mtu anayestahili kulipwa. Ni vyema, kwa hiyo, kulifahamu neno hili tangu asili yake, kisha kuyaangalia maneno ya Kiswahili yanayolizunguka na mahali panapolifaa kila moja.

Asili na maana ya neno

"Supplier" limetokana na kitenzi "supply", ambacho kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha zamani kutoka katika neno la Kilatini "supplere". Maana ya neno hilo la Kilatini ni kujaza au kukamilisha kitu kilichopungua. Maana hiyo ya kale bado imo ndani ya neno hadi leo: panakuwapo pengo, na panakuwapo mtu aliyeahidi kulijaza.

Kwa mtazamo huo, si kila auzaye bidhaa ni "supplier" kwa maana kamili. Mtu anayepita Soko la Darajani akanunua fungu la tungule amenunua kwa muuzaji, na shughuli yao imekwisha pale pale fedha zilipobadilishana mikono. Lakini mkahawa wa Shangani uliokubaliana na muuzaji yuleyule auletee tungule kila siku, kwa kiasi na bei walivyoafikiana, umepata "supplier". Tungule ni zilezile na muuzaji ni yuleyule. Kilichoongezeka ni ahadi: mkahawa unapanga mapishi yake kwa kumtegemea, na yeye anapanga manunuzi yake kwa kuutegemea mkahawa.

Kwa kawaida mambo matatu humtambulisha mtu huyo. Kwanza, yapo mahitaji yanayojulikana ya upande wa pili. Pili, yapo makubaliano ya kuyatimiza mahitaji hayo, kwa mara moja au kwa mfululizo. Tatu, upo wajibu wa kuufikisha mzigo kwa wakati na kwa ubora uliokubaliwa, na upande wa pili una wajibu wa kulipa. Likikosekana jambo la pili, aliyebaki ni muuzaji au mtu anayetaraji kuuza.

Ni muhimu pia kutambua kuwa neno hili halitaji kazi ya mtu kama yanavyofanya maneno "mvuvi" au "seremala". Linataja nafasi ya mtu mbele ya mtu mwengine. Mtu mmoja anaweza kuwa "supplier" asubuhi na mteja jioni. Mfano ulio wazi unapatikana katika zao la mwani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza katika vijiji vya mashariki ya Unguja, vikiwemo Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Katika utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, kampuni inayonunua mwani huwapatia wakulima kamba na taitai za kufungia mbegu. Wakulima hupanda wakati wa maji kupwa, huvuna, hukausha, kisha huiuzia kampuni hiyo mwani mkavu. Kwa upande wa kamba, anayejaza pengo ni kampuni. Kwa upande wa mwani, anayejaza pengo ni mkulima. Na kampuni inapousafirisha mwani huo kwenda kwa viwanda vya nje, ambako hutolewa kiungo kinachotumika katika vyakula, dawa na vipodozi, nayo inakuwa ndiyo inayojaza pengo la viwanda hivyo.

Mkulima anayejiona kuwa ni mpokeaji wa kamba tu huiangalia bei kama jambo aliloletewa. Anayefahamu kuwa yeye ndiye anayekidhi mahitaji ya kampuni anajua kuwa ana haki ya kuuliza mzani, bei, daraja la ubora na siku ya malipo kabla ya kuingia pwani.

Majirani wa neno hili katika Kiingereza

Katika nyaraka za Kiingereza zinazofika katika ofisi na hoteli za Zanzibar, neno "supplier" hufuatana na maneno mengine matatu ambayo mara nyingi huchanganywa nalo.

La kwanza ni "vendor", kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuuza. Katika ofisi, na hasa katika programu za kompyuta za uhasibu, "vendor" hutumika kwa maana ileile ya "supplier". Barabarani, hata hivyo, neno hilo humaanisha mchuuzi: anayeuza kahawa, urojo au miwa ya kukamua katika viwanja vya Forodhani. Anayetafsiri waraka wa ofisi hana budi kuangalia muktadha, la sivyo kampuni kubwa inayoleta vipuri itaitwa mchuuzi.

La pili ni "chandler". Asili yake ni mtengenezaji na muuzaji wa mishumaa. Baadaye lilipanuka na kumtaja mfanyabiashara anayezipatia meli mahitaji yake ya safari, kama kamba, matanga, mafuta na vyakula. Kwa mji wa bandari kama Zanzibar kazi hiyo si ngeni, ingawa katika Kiswahili haikupata jina moja. Ilielezwa kwa kitenzi, kuwa fulani ndiye "anayevipatia vyombo mahitaji".

La tatu ni "purveyor", ambalo leo huonekana katika matangazo ya maduka ya vyakula vya kifahari. Historia yake ina funzo. Katika Uingereza ya zama za kati, watu walioitwa kwa jina hilo walikuwa watumishi wa mfalme waliopita vijijini kuchukua nafaka, mifugo na mikokoteni kwa ajili ya msafara wake, mara nyingi kwa bei waliyoipanga wenyewe na kwa ahadi ya kulipa baadaye. Malalamiko ya wakulima yalikuwa makubwa kiasi kwamba hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 iliweka ibara mahsusi, ya 28, inayokataza mtumishi wa mfalme kuchukua nafaka au mali ya mtu bila kulipa papo hapo, isipokuwa mwenyewe ameridhia kusubiri. Haki hiyo ya mfalme ilifutwa kabisa mwaka 1660. Suala la anayetoa mzigo kulipwa kwa wakati, na kuridhia kwanza iwapo malipo yatacheleweshwa, ni la kale kuliko ofisi zote za ununuzi zilizopo sasa.

Mji Mkongwe na matajiri wa misafara

Shughuli yenyewe ilikuwapo Unguja muda mrefu kabla neno la Kiingereza halijazoeleka. Katika karne ya 19, Mji Mkongwe ulikuwa ndio ghala la misafara iliyoelekea bara, na msafara haukuweza kuondoka bila ya mtu wa kuupatia shehena. Henry Morton Stanley alipowasili Unguja mwezi Januari 1871 kujiandaa kwa safari ya kumtafuta David Livingstone, kazi yake ya kwanza ilikuwa kununua vitu ambavyo vingetumika kama fedha njiani: nguo za merikani na kaniki, ushanga wa aina mbalimbali na nyaya za shaba. Jina "merikani" lenyewe ni kumbukumbu ya mahali nguo hizo zilikotoka, yaani viwanda vya Marekani.

Mtu aliyetoa shehena za namna hiyo kwa Kiswahili aliitwa "tajiri". Leo neno hilo linafahamika zaidi kwa maana ya mtu mwenye mali nyingi, lakini asili yake ya Kiarabu ni mfanyabiashara, na maana hiyo bado husikika pale muuza duka anaposema kuwa mzigo wake "umetoka kwa tajiri". Miongoni mwa matajiri waliojulikana zaidi alikuwa Taria Topan, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch nchini India, aliyegharimia misafara ya Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Jengo la Zahanati ya Zamani linalotazama bahari huko Mizingani lilianzishwa kwa fedha zake, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887.

Tajiri alitoa nguo na ushanga kwa mkopo. Kiongozi wa msafara alirudi baada ya miezi mingi, pengine miaka, na kulipa kwa pembe za ndovu. Biashara hiyo iliambatana na utumwa na madhara makubwa kwa watu wa bara, na hilo halisahauliki. Kwa upande wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba tajiri hakuitwa hivyo kwa sababu ya kuuza tu. Alikuwa ameingia katika deni na ahadi na mtu mwengine, na deni hilo liliandikwa.

Maneno ya Kiswahili na mipaka yake

Kiswahili hakikosi maneno ya kulitafsiri neno "supplier". Kinayo mengi, na kila moja linataja upande mmoja wa kazi hiyo.

"Muuzaji" ndilo pana kuliko yote. Linamtaja yeyote anayetoa bidhaa kwa malipo. Uzuri wake ni kuwa halikosei; upungufu wake ni kuwa halionyeshi kama yapo makubaliano ya kudumu.

"Msambazaji" linatokana na kitenzi "sambaa", yaani kuenea. Msambazaji huchukua kutoka mahali pamoja na kueneza kwa wengi. Bohari Kuu ya Dawa iliyopo Maruhubi hupokea dawa na kuzipeleka katika hospitali na vituo vya afya. Kazi yake kwa vituo hivyo ni ya usambazaji. Kampuni iliyoiuzia Bohari dawa hizo haikusambaza chochote, imepeleka mzigo mahali pamoja. Kuziita pande zote mbili "wasambazaji" katika taarifa moja humfanya msomaji asijue dawa ilipungua wapi.

"Mgavi" linatokana na kitenzi "gawa", kwa kanuni ileile inayozaa "mlevi" na "ulevi" kutoka katika "lewa". Kutokana nalo tumepata "ugavi", neno lililokubalika katika taasisi za Serikali, kama linavyoonekana katika jina la Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Hapa pana mtego. Afisa Ugavi ni mtumishi wa taasisi, anayesimamia upatikanaji, uhifadhi na utoaji wa vifaa ndani ya taasisi hiyo. Yeye ndiye anayepokea mzigo. Anayeuleta kutoka nje ni mtu mwengine. Mwandishi akimwita kila aletaye mzigo "mgavi", mtumishi wa Serikali na mfanyabiashara anayemuuzia huonekana kuwa mtu mmoja, jambo ambalo sheria za ununuzi zimewekwa makusudi kulizuia.

"Mkandarasi" hutumika zaidi kwa anayefanya kazi za ujenzi, kama barabara, skuli au mtaro wa maji. "Mtoa huduma" humtaja anayetoa kazi isiyoshikika kama bidhaa: ulinzi, usafi, usafiri, bima au mtandao wa simu. Anayeleta saruji si mkandarasi, na anayefagia si muuzaji.

"Wakala" na "dalali" nao huchanganywa na saplaya. Wakala hufanya biashara kwa niaba ya mwenye mali, na dalali huwakutanisha wenye kuuza na wenye kununua kwa malipo ya udalali. Kwa kawaida mzigo si wao. Anayefanya makubaliano ya kuletewa bidhaa hana budi kujua iwapo mtu aliye mbele yake ndiye mwenye mzigo au anaunadi mzigo wa mwengine, kwani ndipo atakapojua nani wa kumdai mzigo usipofika.

Ipo pia aina ya "supplier" ambayo Kiswahili hakiiti kwa jina lolote kati ya hayo. Kwa Kiingereza, shirika linalouza umeme kwa shirika jengine ni "supplier". Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) hununua umeme kutoka TANESCO, na umeme huo huvuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, na waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013. Hakuna anayeiita TANESCO mzabuni au saplaya. Husemwa tu kuwa umeme "unatoka Bara". Hata hivyo, maana ya asili ya kujaza pengo haijapata kuonekana wazi kuliko mwaka 2008, Unguja ilipokosa umeme kwa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa takriban miezi mitatu. Pengo lilijulikana pale lilipokosa wa kulijaza.

Mzabuni: neno lililogeuka njiani

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni "mzabuni". Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mteja, na katika Kiswahili cha zamani "kuzabuni" ni kutaja bei mnadani. Desturi hiyo ingali hai katika minada ya samaki ya Malindi na Darajani: mnadi hunadi fungu, wanunuzi hutaja bei, na fungu humwendea aliyetaja bei ya juu. Katika mnada huo mzabuni ni mnunuzi, na bei hupanda.

Katika ununuzi wa umma mambo yamegeuka. Taasisi ndiyo inayonunua, na wanaotaja bei ni wale wanaotaka kuuza. Mzabuni amekuwa muuzaji, na ushindani huivuta bei kushuka badala ya kupanda, almuradi vigezo vya ubora vimetimizwa. Hata hivyo, jambo moja halijabadilika kutoka mnadani. Mzabuni ni mtu aliyetaja bei tu. Bado hajashinda.

Mkanganyiko unaanzia hapa. Katika hotuba na taarifa nyingi husemwa kuwa "wazabuni wamepeleka chakula" au kuwa "wazabuni wanadai malipo". Wanaokusudiwa ni watu ambao zabuni zao zilikwishakubaliwa, wakaingia mikataba na kupeleka mzigo. Matumizi hayo yamezoeleka na yanaeleweka na wengi. Lakini kwa mtu anayeingia katika biashara hiyo kwa mara ya kwanza, neno moja linakuwa limebeba hatua mbili zilizo mbali sana: hatua ya kuomba na hatua ya kudai. Kiingereza huzitenganisha kwa maneno mawili. Kwa Kiswahili zinaweza kutenganishwa kwa kuongeza neno moja tu: "mzabuni" kwa aliyeomba, na "mzabuni aliyeshinda" au "muuzaji mwenye mkataba" kwa aliyekubaliwa.

Kutoka zabuni hadi malipo

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi katika mwenendo wa ununuzi wenyewe. Kwa upande wa Zanzibar, ununuzi wa taasisi za umma unaongozwa na Sheria Nam. 11 ya mwaka 2016, inayohusu ununuzi na uondoaji wa mali za umma, chini ya usimamizi wa Mamlaka inayofahamika kwa kifupi chake, ZPPDA, na zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa e-PROZ. Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria inayotumika ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Nam. 10 ya mwaka 2023, na mfumo wake ni NeST. Bara pia upo utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, jambo linalowaingiza katika zabuni watu wengi ambao hawakuwahi kuzisoma nyaraka zake.

Tangazo la zabuni ni mwaliko. Halimpi mtu haki yoyote isipokuwa haki ya kushindana. Maombi anayoyawasilisha mfanyabiashara ndiyo zabuni, na kuanzia hapo anaitwa mzabuni. Uamuzi wa taasisi ya kuikubali zabuni yake, kwa barua ya kumjulisha ushindi na kufuatiwa na mkataba, ndio unaomtoa katika kundi la waombaji. Baada ya hapo, kwa bidhaa zinazohitajika kidogokidogo, hutolewa hati ya agizo la ununuzi, ambayo wafanyabiashara wengi huijua kwa kifupi chake, LPO. Hati hiyo ndiyo inayotaja nini kiletwe, kiasi gani, kwa bei gani na lini.

Chukulia kikundi cha wanawake wanaolima mboga katika moja ya mashamba ya Unguja. Kikundi kimeomba zabuni ya kupeleka mbatata, tungule na mboga za majani katika taasisi yenye bweni. Jina lake linatangazwa miongoni mwa "wazabuni waliopita" hatua ya awali. Wanakikundi wanafurahi, wanakopa fedha za mbolea na kukodi gari, na wiki ya pili wanapeleka mzigo kwa maelekezo ya simu. Mzigo unapokewa na kupikwa. Siku ya kudai fedha, mhasibu anauliza mkataba, LPO na hati iliyosainiwa ya kupokea mzigo. Havipo. Mhasibu hana ubaya nao. Hana karatasi ya kumruhusu kulipa. Wanawake hao walisikia "mmepita" wakadhani "mmeshinda", na walisikia "wazabuni" wakadhani "wenye mkataba".

Karatasi zinazomlinda mfanyabiashara ni chache na zinajulikana: mkataba au barua ya kukubaliwa, LPO, hati ya kupokea mzigo iliyotiwa saini na aliyepokea, na ankara ya madai. Ankara ni maandishi ya kudai. Stakabadhi ni ushahidi kuwa deni limelipwa. Mwenye kutoa stakabadhi kabla ya kulipwa amekiri kupokea asichokipokea. Kabla ya yote hayo, biashara inapaswa kuwa imesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kuwa na leseni, na kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi, kwani asiyetambuliwa na mifumo hiyo hana njia ya kulipwa na taasisi ya umma hata kama mzigo wake ulipokewa kwa shukrani.

Katika sekta binafsi hati huwa chache zaidi, na mara nyingi makubaliano ni ya mdomo. Mvuvi wa Kizimkazi au mkulima wa viungo wa Kizimbani anayeuzia hoteli kwa makubaliano ya simu anaweza kwenda vizuri kwa misimu kadhaa, kisha meneja akabadilika na mpya akasema hamjui. Maandishi mafupi yanayotaja bidhaa, kiasi, bei na siku ya malipo, yaliyosainiwa na pande mbili, yanatosha kumtoa katika nafasi ya muuzaji apitaye na kumweka katika nafasi ya mtu anayetegemewa na kudaiwa wajibu, naye akadai wake.

Namna ya kulitumia

Kwa waandishi, maofisa na wafanyabiashara wanaolazimika kulitafsiri neno "supplier", swali la kujiuliza ni moja: mtu huyu yupo katika hatua gani na anafanya nini hasa? Akiwa ameomba na hajajibiwa, ni mzabuni. Akiwa na mkataba wa kuleta bidhaa, ni muuzaji mwenye mkataba au mzabuni aliyeshinda. Akiwa anatoa kazi na si bidhaa, ni mtoa huduma; akiwa anajenga, ni mkandarasi. Akiwa anapokea kutoka mahali pamoja na kupeleka kwa wengi, ni msambazaji. Akiwa mtumishi wa taasisi anayesimamia vifaa, ni Afisa Ugavi. Akiwa anauza kwa niaba ya mwengine, ni wakala.

Pale ambapo hakuna jina linalotosha, Kiswahili kina njia nyengine ambayo Kiingereza hakina kwa wepesi huo, nayo ni kitenzi cha kutendea. "Leta" huwa "letea", "peleka" huwa "pelekea", "pata" huwa "patia". Kusema "kampuni inayoiletea hospitali vifaa" kunataja kwa pamoja anayeleta, anayeletewa na kinacholetwa, bila ya kumwachia msomaji jambo la kukisia. Katika taarifa za umma, sentensi ya namna hiyo mara nyingi ni sahihi zaidi kuliko kutafuta jina moja la kufunika yote.

Neno "saplaya" litaendelea kusikika katika baraza za Darajani na katika majiko ya hoteli za pwani, na hakuna ubaya kwa mazungumzo ya kawaida. Katika mkataba, tangazo la zabuni, taarifa ya madeni au barua ya madai, neno hilo pekee halitoshi. Mwenye mzigo anahitaji kujua kama jina aliloitwa ni la mtu aliyeomba kuuza au la mtu aliyekwishauza na anadai, na ni vyema alijue kabla gari halijapakiwa.